Kontroo Boksi ya Giaboksi: Namna ya Kuitambua Kazi Safi

Kubadilisha kontroo boksi ya giaboksi kwenye magari mengi ni kazi ya muda mfupi. Unatoa kichwa cha betri, unafungua boliti tatu nne, unachomoa soketi na kupachika nyingine. Kijana aliyeanza kujifunza gereji mwezi uliopita anaweza kuifanya bila kukosea hata boliti moja. Kwa hiyo mwenye gari anayekaa pembeni akitazama mikono ya fundi inavyokwenda haoni kitu cha kumwambia kama kazi ni nzuri au mbovu. Ubora wa kazi hii unakaa sehemu mbili: kwenye ushahidi uliokusanywa kabla boksi haijaguswa, na kwenye kile ambacho boksi mpya inafundishwa baada ya kufungwa. Hapo katikati ni bisibisi na spana tu.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kontroo boksi ni kifaa kinachosingiziwa mno. Gari la otomatiki likianza kuingiza gia kwa kishindo, au likagoma kutoka gia ya tatu, wa kutamka kwamba kontroo boksi imekufa ni wengi, na wa kuthibitisha ni wachache. Mwenye gari anauziwa boksi, tatizo linapungua siku mbili kwa sababu betri ilichomolewa na kumbukumbu ya hitilafu ikafutika, halafu linarudi lilivyokuwa. Hapo anaambiwa giaboksi yenyewe ndiyo imechoka. Hela imeshatoka mara mbili, na waya uliokatika bado umekatika.

Tuanze na kazi ya kifaa chenyewe. Ni kompyuta ndogo inayopokea taarifa kutoka kwenye sensa: kasi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi, kasi ya shafti inayotoka, joto la oili, mahali ulipouweka mkono wa gia, na kiasi ulichokanyaga pedeli ya mafuta. Kwa taarifa hizo inaamua gia ipi iingie na wakati gani, kisha inapeleka umeme kwenye solenoidi, yaani vali ndogo za umeme zinazofungua na kufunga njia za oili ndani ya giaboksi. Oili ikifika kwenye klachi inayohusika kwa shinikizo linalofaa, gia inaingia bila wewe kujua. Shinikizo likizidi, unasikia kishindo mgongoni. Likipungua, injini inapaa sauti na gari haliendi, na klachi zinaanza kuungua. Kompyuta ikikosa taarifa inayoiamini, hujilinda: inaacha kubadilisha gia na kubaki kwenye moja, mara nyingi ya tatu, ili ufike gereji polepole bila kuvunja kitu kingine.

Swali la kwanza la kumpimia fundi ni jepesi. Muulize: kwenye gari hili kontroo boksi iko wapi? Jibu linatofautiana sana, na kazi inabadilika nalo. Toyota RAV4 ya kizazi cha pili, ile ambayo Tanzania wameizoea kwa jina la Kilitime, haina boksi ya giaboksi peke yake. Kompyuta moja inaendesha injini na giaboksi kwa pamoja, kwa hiyo anayeibadilisha anagusa pia uwashaji wa injini na, kwenye magari yenye ulinzi wa ufunguo, kibali cha ufunguo wenyewe. Nissan X-Trail T31 yenye giaboksi ya CVT ina boksi yake, imekaa nje ya giaboksi. Land Rover Discovery 3 yenye giaboksi ya ZF ya gia sita imeificha kompyuta ndani kabisa, imeungana na vali bodi, yaani sehemu inayobeba zile solenoidi na njia za oili, inaogelea kwenye oili. Hapo kubadilisha boksi kunamaanisha kushusha sampo ya giaboksi, kumwaga oili, kubadilisha sili zinazounganisha vali bodi na giaboksi, kisha kujaza oili na kupima kimo chake injini ikiwa inanguruma na joto la oili likiwa kati ya nyuzi 30 na 50. Mtu anayekutajia bei kwa simu kabla ya kuuliza modeli, injini na mwaka wa gari hajui anauza kazi ipi.

Fundi mzuri huuliza mengi kabla ya kufungua boneti. Tatizo linaanza asubuhi gari likiwa baridi, au baada ya nusu saa ya foleni? Mvua kubwa ilipita? Injini imeoshwa kwa pampu hivi karibuni? Betri ilikufa mkabusti kutoka gari jingine? Kuna mtu alichomelea ekzosi au bodi? Kila swali hapo lina sababu yake. Hitilafu inayokuja na joto na kuondoka na baridi mara nyingi ni ufa wa nywele kwenye solda ya bodi ya kompyuta, unaoachana chuma kinapotanuka. Maji ya kuoshea injini huingia kwenye soketi na kukaa humo wiki nzima. Waya za kubusti zikigeuzwa, chanya ikaenda hasi, kompyuta inaweza kufa papo hapo. Na umeme wa kuchomelea hupita kwenye bodi lote la gari ukitafuta njia ya kurudi. Kama betri na kompyuta havikuchomolewa, njia hiyo inaweza kupita ndani ya kompyuta. Ukiona fundi anasikiliza majibu na kuyaandika, kaa naye.

Baada ya maswali, aendeshe gari, na wewe uwe ndani. Kisha atazame oili ya giaboksi. Hili wengi wanaliruka kwa kuwa wameshaamua kwamba tatizo ni la umeme, na ndilo kosa ninaloliona kubwa kuliko yote katika kazi hii. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inamwambia fundi kwamba klachi zimeshaumia, na hakuna kompyuta duniani itakayozirudishia ngozi. Fundi mwaminifu akiikuta hali hiyo anakuambia hapo hapo, kabla hujatoa shilingi ya kununua boksi.

Sasa mashine ya kusomea hitilafu. Kuwa na mashine si sifa siku hizi. Gereji nyingi zinayo. Sifa iko kwenye namna ya kuitumia. Vile vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu husoma hitilafu za injini na mara nyingi haviwezi kabisa kuongea na kompyuta ya giaboksi. Tena magari yetu mengi yametengenezwa kwa soko la Japani, ambako mpangilio wa mawasiliano kwa miaka mingi haukufanana moja kwa moja na ule wa Marekani au Ulaya, kwa hiyo mashine inayosoma gari la Ulaya vizuri inaweza kubaki kimya mbele ya gari la Kijapani. Ukimya huo si dalili ya boksi iliyokufa. Fundi anayejua atajaribu mashine inayoifahamu Toyota au Nissan kabla ya kutoa hukumu.

Zikisomeka, kodi za hitilafu ziandikwe zote, kutoka kompyuta zote za gari, kabla ya kufuta hata moja. P0700 ikitokea peke yake haina maana kubwa. Ni kompyuta ya giaboksi inaiambia kompyuta ya injini kwamba kuna hitilafu upande wake, nenda kasome huko. P0715 inagusa sensa ya kasi ya kuingia, P0720 ya kutoka. P0753 inataja umeme wa solenoidi ya kwanza. U0101 ina maana kompyuta nyingine zinaiita ile ya giaboksi na haijibu. Kodi inataja saketi nzima. P0753 inaweza kuwa solenoidi, waya wake, soketi yake, au transista ndani ya kontroo boksi inayoupeleka umeme huo. Zipo kodi chache zinazoielekea boksi yenyewe moja kwa moja, kama P0601, P0604, P0605 na P0613, ambapo kompyuta inaripoti kwamba kumbukumbu yake au ubongo wake umefeli ilipojipima. Hata hizo, betri dhaifu inaweza kuzizalisha.

Hapo ndipo mita inapotoka mfukoni, na hapo ndipo ningependa ukae karibu utazame.

Kwanza umeme wenyewe. Betri iliyojaa ikiwa imetulia inaonyesha karibu volti 12.6, na injini ikinguruma alteneta inapaswa kuipandisha hadi kati ya 13.5 na 14.5. Kompyuta inayopewa volti 10 wakati wa kupiga stata inaweza kufanya mambo ya ajabu bila kuwa na kosa lolote. Baada ya hapo, ethi. Fundi wa kawaida huweka mita upande wa kupima ukinzani, anaona karibu na sifuri, anasema ethi ni nzima. Fundi bora anapima volti zinazopotea kati ya pini ya ethi ya kontroo boksi na ncha hasi ya betri wakati taa, feni na solenoidi zinafanya kazi. Zisizidi kama 0.1. Waya wenye nyuzi kumi, ambao uzi mmoja tu umebaki mzima, utafaulu kipimo cha kwanza na kufeli cha pili, na ni hicho cha pili kinachofanana na maisha ya gari barabarani. Kipimo hiki kinachukua dakika chache. Kwangu mimi, kukiona kikifanywa kunatosha kuiamini gereji.

Pili, solenoidi. Kwenye giaboksi nyingi za Toyota, solenoidi za kubadilishia gia zina ukinzani wa omu 11 hadi 15 kwenye nyuzi 20 za joto, na ile ya kudhibiti shinikizo kwa mfululizo huwa kati ya 5.0 na 5.6. Zingatia hayo maneno ya nyuzi 20. Shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda. Kwa oili ya nyuzi 80 utaongezeka karibu robo nzima. Solenoidi ya omu 5.3 itasoma kama 6.5 na bado ni nzima kabisa. Nimewasikia mafundi wakiihukumu solenoidi salama kwa sababu walipima giaboksi iliyotoka safari ndefu. Anayeuliza joto la oili kabla ya kusoma mita ameelewa kazi yake.

Kipimo hicho kina faida nyingine, na wanunuzi wa boksi za mtumba wangeijua wasingelia mara mbili. Solenoidi yenye shoti ndani huvuta umeme mwingi kupita kiasi, na kwenye boksi ambazo transista zake hazina kinga nzuri, ndiyo iliyoua kontroo boksi ya zamani. Ukifunga mpya bila kuishughulikia, na hiyo mpya itaungua. Kwa hiyo hata kile kipimo kinachopendwa sana, cha kuazima boksi nzima yenye namba ileile na kuijaribu, ni halali baada ya solenoidi kupimwa tu. Kabla ya hapo ni kuhatarisha boksi ya mwenzako.

Tatu, mtandao wa mawasiliano. Kwenye magari mengi yanayotumia CAN, ukichomoa betri na kupima kati ya pini ya 6 na ya 14 za soketi ya kupimia hitilafu, mita inapaswa kusoma karibu omu 60, kwa kuwa kuna vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila upande. Ikisoma 120, upande mmoja umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana. Gari lenye hitilafu hiyo litalalamika kwamba kompyuta ya giaboksi haijibu, na kompyuta yenyewe ni nzima, imekatiwa tu njia.

Mwisho ni joto. Kwa hitilafu inayokuja na kuondoka, mafundi wavumilivu huitoa kontroo boksi kwenye nafasi yake, wanaiacha ikiwa imeunganishwa, na kuipuliza taratibu kwa draya ya nywele huku wakitazama mashine. Hitilafu ikitokea boksi inapopata moto na kupotea inapopoa, huku solenoidi, nyaya na ethi vimeshafaulu, huo ni ushahidi. Wakati mwingine unahitaji gari libaki gereji hadi kesho yake. Fundi anayekuomba muda huo anakuhurumia mfuko wako.

RAV4 niliyoitaja ni mfano mzuri wa jinsi ushahidi unavyoweza kumpotosha mwenye haraka. Kwa RAV4 za otomatiki za mwaka 2001 hadi 2003 zilizouzwa Marekani, kompyuta yenyewe ndiyo iliyokuwa na kasoro. Gari lilianza kuingiza gia kwa kishindo, na kodi zilizotokea, kama P0750 au P0755, zilikuwa za solenoidi. Watu walibadilisha solenoidi, wengine giaboksi nzima, na kishindo kikaendelea. Wengine kishindo hicho cha muda mrefu kikaiua giaboksi kwelikweli. Toyota ikaja kurefusha dhamana ya kompyuta hiyo huko Marekani hadi miaka 10 au maili 150,000. Zilizofika kwetu kutoka Japani zilikuwa na injini na kompyuta za soko lao, hazikuwemo kwenye mpango huo, na kila mwenye gari anajitegemea. Fundi anayeifahamu habari hii hatakimbilia kushusha giaboksi ya Kilitime kwa sababu ya kodi ya solenoidi. Wala hataagiza kompyuta kwa sababu amesikia RAV4 zina ugonjwa huo. Atapima solenoidi, na zikiwa ndani ya kipimo, ataitazama bodi.

Mfano wa upande wa pili ni Mercedes-Benz zenye giaboksi ya gia tano iliyoanza kutumika mwaka 1996, ile yenye namba 722.6. Soketi ya pini 13 inayoingia ubavuni mwa giaboksi ina sili ndogo za mpira. Zikizeeka, oili inapenya, na badala ya kudondoka chini tu, inapanda ndani ya nyaya zenyewe, kati ya uzi wa shaba na ngozi yake ya plastiki, polepole hadi kufika kwenye kontroo boksi upande wa pili. Boksi inaharibika kwa oili iliyosafiri urefu wa waya. Kazi safi hapa ni kubadilisha soketi hiyo na sili zake, kusafisha au kubadilisha nyaya, kisha ndipo boksi ifuate kama nayo imeshaharibika. Soketi ile bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya boksi. Ukiletewa bili yenye boksi mpya bila soketi, jua oili inaanza safari upya.

Boksi ikishathibitika kuwa mbovu, unaingia sokoni. Mpya kutoka kwa wakala ni salama na ni ghali, na kwa gari la miaka ishirini mara nyingi haipatikani. Wengi wetu tunaishia kwenye mtumba, iwe Gerezani pale Dar es Salaam, Kirinyaga Road pale Nairobi, au kwa kuagiza Sharjah ambako magari ya kuchinjwa ni mengi. Sioni aibu yoyote kwenye mtumba. Kinachotakiwa ni macho.

Tazama namba kwanza, yote, hadi tarakimu ya mwisho. Kompyuta za injini za Toyota huanza na 89661, na zile tarakimu mbili zinazofuata zinaonyesha familia ya gari. Kwa RAV4 ni 42. Boksi za giaboksi za Nissan huanza na 31036. Muuzaji atakuambia tarakimu za mwisho hazina maana, umbo ni lilelile na soketi inaingia. Usikubali. Tarakimu hizo ndizo zinazotenganisha gari la magurudumu mawili na la manne, injini moja na nyingine, lenye ulinzi wa ufunguo na lisilo nao. Ni kweli kiwanda wakati mwingine hutoa namba mpya inayorithi ya zamani, na hapo namba tofauti ni halali kabisa, lakini fundi akuonyeshe kwenye katalogi ya gari lako. Neno la mdomo halitoshi.

Kisha igeuze mkononi. Skrubu zenye mikwaruzo zinaeleza kwamba mtu ameshaifungua; muulize alitafuta nini. Mstari wa vumbi au tope kavu kwenye mfuniko, hasa chini, ni alama ya maji yaliyosimama, na boksi za magari yaliyozama mafurikoni huuzwa sana. Chungulia pini kwa tochi: ziwe zimenyooka, zinang'aa, bila ukungu wa kijani. Sisi wa pwani tunaufahamu ukungu huo, hewa ya chumvi inautengeneza bila kuhitaji mvua. Iweke karibu na pua. Harufu ya kitu kilichoungua hubaki kwenye boksi ya kompyuta kwa muda mrefu.

Njia ya tatu ni kuitengeneza ya kwako, na kwa magari mengi ya Kijapani ya zamani ndiyo ninayoipendelea kuliko zote, kwa sababu namba, funguo na mafunzo yote vinabaki vilevile. Mitsubishi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilijulikana kwa kapasita zilizovuja na kula njia za shaba za bodi. Kapasita mpya na usafi wa makini huzirudisha kazini. Bodi zenye ufa wa solda huokolewa vivyo hivyo. Ubora wa kazi hiyo unaonekana kwa macho. Solda nzuri inang'aa au imetulia sawasawa, imepanda kwenye mguu wa kifaa kwa mteremko laini, haina matone wala mabaki ya kahawia yanayonata. Bodi imesafishwa, na pale ilipokuwa na vanishi ya kuzuia unyevu, vanishi imerudishwa. Mfuniko umezibwa upya kwa silikoni inayofaa vifaa vya umeme. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka na kula shaba. Kuna boksi moja ya kuikimbia, nayo ni ile ambayo bodi yake ni ya kauri, imefunikwa kwa ute wa jeli na kuunganishwa kwa nyaya za aluminiamu nyembamba kuliko unywele. Pasi ya kawaida ya solda haiziwezi hizo. Anayekuambia ataichomelea mezani kwake ataimaliza.

Kuhusu kuifunga sina mengi. Betri ichomolewe kwanza, pini zisiguswe kwa vidole, soketi iingie hadi kufuli lake lilie, mpira wa kuzuia maji urudi, na boksi ikae pale kiwanda kilipoiweka kwenye kishikio chake. Boksi iliyofungwa kwa waya na kuachwa ikining'inia chini ya dashibodi ni kazi mbovu, hata kama gari linakwenda.

Kuifundisha ndiko kunakotenganisha mafundi. Boksi mpya haijui giaboksi yako. Ile ya zamani ilikuwa imejifunza kwa miaka kiasi gani klachi zimelika, ikaongeza shinikizo hapa na kupunguza pale. Ya mtumba ina hali mbaya zaidi, kwa sababu imebeba mazoea ya giaboksi iliyobaki kwenye gari la mtu mwingine. Kwenye Nissan X-Trail T31 jambo hili ni zito hasa. Vali bodi yake ina kumbukumbu yake ndogo iliyoandikwa vipimo vyake kiwandani, na kontroo boksi inatakiwa kusoma na kushika vipimo hivyo hivyo. Ukifunga boksi ya mtumba bila kufuta vipimo vya zamani na kuingiza vya giaboksi iliyopo, CVT inaendeshwa kwa vipimo vya giaboksi nyingine, na mkanda wake wa chuma hauvumilii shinikizo la kukisia. Kazi hii inahitaji mashine ya Nissan au inayoweza kufanya kama yake, pamoja na mtu anayejua mpangilio wa hatua.

Kwa Toyota na wengine, mafunzo ya zamani hufutwa kwa mashine, kisha gari linaendeshwa kwa utaratibu uliowekwa na kiwanda: oili ikiwa kwenye joto la kazi, kuondoka taratibu kwa pedeli nyepesi, kupita gia zote, kusimama, kurudia. Kuchomoa betri dakika kumi si mbadala. Magari mengi huhifadhi mafunzo hayo kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme. Na pale programu inapopakiwa kwenye boksi mpya, tazama kama gari limeunganishwa na kifaa kinachotuliza umeme, kinachoshikilia volti 13 au zaidi kidogo bila kutikisika. Betri peke yake ikilegea katikati ya kupakia, boksi inabaki na programu nusu, na nyingine hazifufuki tena.

Omba kuendesha gari mwenyewe kabla ya kulipa. Liwe baridi, kisha liwe moto kabisa, lipite kwenye foleni na kwenye barabara iliyo wazi. Kishindo kidogo siku za mwanzo kinaweza kuwa sehemu ya kujifunza na kinapaswa kupungua. Kinachoongezeka hakimo kwenye mafunzo. Baada ya safari hiyo kodi zisomwe upya mbele yako. Uondoke na boksi yako ya zamani, na karatasi yenye kodi za kabla na baada, namba ya boksi iliyotoka na iliyoingia, vipimo vya mita, na muda wa dhamana ya kazi pamoja na wa spea, kila mmoja peke yake. Gereji inayoandika hayo bila kuombwa inastahili kupewa gari la jirani yako pia.

Jambo la mwisho ni malipo. Mafundi wetu wengi hawatozi kupima. Wanategemea faida ya spea, na mtu anayeishi kwa faida ya spea atauza spea. Kubaliana na fundi bei ya kupima peke yake kabla hajaanza, na uilipe yote hata akikuta tatizo ni waya mmoja wa ethi ulioliwa na kutu. Fundi aliyekuokolea bei ya kontroo boksi kwa kuutafuta waya huo amefanya kazi kubwa kuliko ya kuibadilisha.